Mashombo Mrudisha Neno

Kaeni. Wenye majembe wayalaze, wenye miundu waichomeke udongoni, na ninyi mlio nyuma acheni kunong'ona, maana msaragambo wa leo, kazi yetu hii ya pamoja, umenimaliza na sina nguvu ya kushindana na mtu. Tumefyeka mfereji wote tangu mashambani mpaka hapa kwenye chemchemi ya Nkwini, matope yametufika magotini, migongo inalia, na hata hivyo hakuna atakayetia mkono kwenye makande kabla habari ya Mashombo haijasemwa, kama ilivyosemwa mwaka jana na mwaka juzi, na miaka ambayo waliosema na waliosikiliza wote wamekwisha kuwa udongo. Najua mnaifahamu. Najua pia kwamba wengi wenu mnafahamu kile kipande cha habari ya jiwe tu.

Ilikuwa katika enzi za mababu wa mababu zetu, kabla mlima huu haujaitwa Kivumo, kabla mgomba wa kwanza haujapandwa kwenye mteremko huu, wakati nyani na tembo walikuwa wenyeji na binadamu alikuwa mgeni asiyekaribishwa. Huko chini nyikani akazaliwa Mashombo, mwana wa Kibacha mwana wa Mrindoko, Mrindoko yule mfua chuma aliyetengeneza jembe la kwanza la kabila hili. Na mama yake alikuwa Naetwe, mfinyanzi wa ukoo wa Wambaga, ambaye vyungu vyake vilibeba maji kwenye jua kali bila kutoa jasho upande wa nje. Huyo ndiye Mashombo, Kifua cha Mwamba, Ngurumo ya Nyika, Mvunja Mawe, dume lisilofungwa kamba, ambaye akiita mtu huku, watu wa kule walisimama wakidhani wameitwa wao.

Nyika ikakauka. Mtama ukafa ungali kimo cha goti, visima vikawa mashimo ya vumbi, na wavamizi wa ng'ombe wakaja mara kwa mara mpaka hapakuwa tena na ng'ombe wa kuvamiwa, wakaanza kuchukua watu. Ndipo Mashombo akasimama mbele ya koo mbili, ukoo wa baba yake Wamrindoko na ukoo wa mama yake Wambaga, akatamka: "Tunapanda mlimani. Nikisema kimbieni, kimbieni. Nikisema laleni, laleni. Atakayeuliza, atauliza akiwa maiti." Na watu wote wakajibu kwa neno moja walilopatana siku hiyo, wakasema, "Imesikika!"

Amri hiyo iliwaokoa, na msije mkasema sikuwaambia. Katika safari ile, waliosikia sauti ya Mashombo na kulala kifudifudi mara hiyo hiyo waliponea mishale, na mmoja aliyeinua kichwa aulize kuna nini hakukishusha tena kwa hiari yake. Kwa hiyo walipofika huku juu, ilikwisha kuwa sheria ya moyoni kwamba neno la Mashombo halijibiwi. Akisema jambo, unasema imesikika, unakwenda kulitenda, na kama una shaka, unaimeza pamoja na mate yako.

Mlima ulikuwa na rutuba lakini mteremko wetu ulikuwa mkavu, kwa sababu maji yote ya Nkwini yalikuwa yakiporomokea korongoni upande wa pili yakipotea bure. Mashombo akaamuru mfereji uchimbwe kuzunguka bega la mlima. Wakachimba, wengine kwa majembe, wengine kwa vijiti vilivyochomwa ncha, na walipofika pale panapoitwa Kifuani wakakuta jiwe kubwa kama nyumba limelala katikati ya njia. Mashombo akaliwashia moto wa magogo, ukawaka tangu macheo hata macheo, kisha akalimwagia maji ya baridi likapiga kelele na kupasuka mstari mmoja, naye akaingiza bega katika ule ufa, mishipa ya shingo ikamsimama kama mizizi, akasukuma, na jiwe likaachana mapande mawili, pande moja likabingirika mpaka korongoni. Hilo ndilo jiwe. Nimelisema, nimelimaliza, na wanaotaka kuondoka sasa kwa kuwa wamesikia walilokuja kusikia, njia ni ile pale.

Baada ya mfereji ikabaki ndiva, yaani bwawa la udongo la kukusanyia maji, ili yafunguliwe asubuhi yashuke kwa zamu shamba kwa shamba. Kazi ya ukuta wa ndiva alipewa Kirimbo, mdogo wake Mashombo, tumbo moja. Kirimbo hakuwa na kifua wala sauti. Alisema polepole, kama mtu anayechambua maharage, akiweka kando neno bovu na kutoa lililo zima, na watu wenye haraka walimkatisha kabla hajafika katikati. Lakini alikuwa amekaa utoto wake wote miguuni pa mama yao mfinyanzi, na udongo alikuwa anaujua kuliko mtu yeyote kati yao.

Siku ya kuijaza ndiva ikafika. Koo zote mbili zilikusanyika, ngoma zikapigwa, Mashombo akasimama juu ya ukuta mpya, akapaza sauti: "Leo Kivumo kinakunywa maji!" Wakajibu, "Imesikika!" Akasema, "Zibeni mlango wa ndiva, maji yajae mpaka mdomoni!" Wakajibu, "Imesikika!" Hapo Kirimbo akapanda ukutani, akasimama mbele ya kaka yake, akaanza kusema, polepole, kwa namna yake. Ngoma zilikuwa bado zinalia. Mashombo aliona midomo ya mdogo wake ikienda, aliona pia macho ya watu wote yakiwatazama wawili hao, na kifua kikamjaa kwa kuona kwamba kuna mtu anamjibu hadharani siku ya utukufu wake. Akanguruma: "Kirimbo! Nani amekuuliza? Shuka ukasimame mahali pako!"

Kirimbo akainamisha kichwa. Akasema, "Imesikika, kaka." Akashuka, akawachukua vijana wachache na magogo, akaenda upande wa chini, upande wa magharibi, wakaanza kuutegemeza ukuta.

Maji yakajaa. Yalipofika mdomoni watu walishangilia, na shangwe ilikuwa haijaisha ukuta wa magharibi ulipolainika, ukavimba, ukaondoka wote kwa mara moja na maji yakafuata nyuma yake. Mashombo aliruka ndani ya tope lile akachimba kwa mikono, akainua magogo ambayo watu wengi wasingeyatikisa, akayatupa kama kuni, na nguvu zile zote alizopewa tangu kuzaliwa zilimsaidia siku hiyo kumtoa mdogo wake akiwa amekufa, na vijana wale pamoja naye. Akakaa chini katika tope, kichwa cha Kirimbo mapajani pake, akalia kwa sauti ambayo inasemekana ilisikika nyikani tulikotoka. Hata mimi niliyeisema habari hii miaka yote, mahali hapa huwa pananiuma.

Matanga yakawekwa. Na Wambaga wakaanza kufunga mizigo. Kiongozi wao alikuwa Sekivu, ndugu wa Naetwe, mjomba wake Mashombo, mzee mwenye ulimi mkali kama mundu, ambaye hata katika shibe alilalamika, sembuse katika msiba. Sekivu akatangaza: "Mpwa wangu ametuokoa na mishale ili atuzike katika matope. Tunarudi nyikani. Huko anayetuua tunamjua kuwa ni adui." Na kila mtu alijua maana yake. Nyika ilikuwa bado inawaka, wavamizi walikuwa wamekaa kwenye visima vichache vilivyobaki na maji. Ukoo ukishuka utakwisha. Na watakaobaki juu watakuwa wachache mno kujenga ndiva upya kabla mbegu haijaliwa, nao pia watakwisha. Kabila zima lilikuwa limening'inia kwenye ile mizigo.

Mashombo akaenda akasimama njiani, pale njia inapobanwa na miamba. Alikuwa na nguvu za kuwazuia wote peke yake, na alikuwa na sauti, na alijua kwamba akiitoa ile sauti ya nyikani wote watalala kifudifudi kwa mazoea. Akavuta pumzi. Kifua kikapanda. Wambaga wakasimama na mizigo vichwani wakimtazama.

Ndipo akaja Nakiete, mjane wa Kirimbo, kichwa kimenyolewa, mimba imetangulia mbele yake. Akasimama kati yao akasema: "Shemeji, kabla hujapiga kelele, nirudishie neno la mume wangu. Alitoka nyumbani akiwa nalo. Alisema, nakwenda kumwambia kaka. Nyumbani hakurudi nalo, na mwilini mwake nilipomwosha sikulikuta. Wewe ndiye uliyepewa. Alikuambia nini?"

Mashombo akafungua mdomo. Akatafuta. Aliikumbuka midomo ya Kirimbo ikienda, alikumbuka ngoma, alikumbuka maneno yake mwenyewe yote mpaka la mwisho. La mdogo wake hakuwa nalo hata moja. Ngurumo ya Nyika akasimama pale mdomo wazi mbele ya mwanamke aliyevaa nguo ya msiba, na hakikutoka kitu. Mwishowe akasema, kwa sauti ambayo watu wa nyuma hawakuisikia, "Shemeji, sinalo."

"Basi litafute," akasema Nakiete. Kisha akamgeukia Sekivu: "Mjomba, mtoto huyu tumboni ataniuliza baba yake alikufa akisema nini. Ngojeni mpaka matanga yaishe." Sekivu akatema mate, akatua mzigo, akasema watangoja mpaka matanga yaishe, na siku hiyo wataondoka hata kama mbingu itashuka kuwasihi.

Hapo ndipo kazi ngumu ya Mashombo ilipoanza, wapenzi wa jiwe, na hakuna ngoma iliyopigwa kwa ajili yake. Alikwenda mlango kwa mlango kuwatafuta waliokuwa karibu na ukuta siku ile. Kila alipoingia watu walisimama, na kila alipouliza walijibu, "Imesikika," wakamtazama miguu. Aliwafundisha neno hilo yeye mwenyewe, sasa hawakuwa na jingine la kumpa. Akajaribu kuwabembeleza, wakaogopa zaidi. Akajaribu kuwaamuru waseme ukweli, wakasema chochote kile walichodhani anakitaka. Akawa anatoka kila nyumba mikono mitupu, mtu mzima, jitu lile, amechoka kama mtu aliyelima mchana kutwa kwa jembe lisilo na mpini.

Nyumba ya kwanza kumpa kitu ilikuwa ya Namrasi, mwanamke aliyekuwa akimpelekea Kirimbo maji ya kukandia udongo. Mashombo alifika akiwa hana tena nguvu ya kusimama, akakaa chini kwenye jivu kando ya jiko lake, akanyamaza. Alinyamaza kwa uchovu, hakunyamaza kwa hekima, tusimwongezee. Namrasi akaendelea kupepeta mtama wake, na kimya kilipokuwa kirefu mno akasema mwenyewe: "Alisema habari ya kidole."

"Ningejuaje kama ni kidole," akasema Mashombo, "na ngoma zilikuwa—"

"Sikusema ulijua au hukujua," akasema Namrasi. "Nimesema alisema habari ya kidole. Wewe umenirudishia lako, langu hukulirudisha. Toka nje."

Akatoka. Kifua kilikuwa kimejaa tena, kwa maana hakuna aliyewahi kumwambia toka. Aliona jiwe kando ya njia, kubwa, la kuwashinda watu wazima kadhaa, akalikumbatia akalibeba mpaka mahali ndiva ilipobomoka, akalitua, akarudi. Kifua kilikuwa kimeshuka. Akabisha hodi tena kwa Namrasi, akakaa kwenye jivu lile lile, akasema: "Umesema kwamba Kirimbo alisema habari ya kidole. Ndivyo?" Namrasi akaweka ungo chini. "Ndivyo," akasema. "Sasa sikiliza na jingine."

Hivyo ndivyo alivyojifunza, na alijifunza vibaya, kwa kuanguka anguka. Alikuwa akirudisha neno la mtu akaliongezea chumvi yake, akaambiwa sivyo. Alikuwa akilipunguza pale lilipomchoma, akaambiwa sivyo. Kila alipoambiwa sivyo kifua kilipanda, na kila kilipopanda alitoka akabeba jiwe. Mkitaka kujua hasira ya Mashombo ilikuwa na ukubwa gani, utazameni msingi wa ndiva yetu mnapopita, mawe yale yote ni yeye. Mpigangoma mmoja alimpa kipande. Kijana aliyeumia mguu katika maporomoko alimpa kingine. Vipande vikakutana, na neno likaanza kuonekana umbo lake, ila mwisho wake haukuwepo, maana Kirimbo alisikika akisema kitu wakati akishuka ukutani, baada ya kufukuzwa, na aliyekuwa amesimama penye ngazi alikuwa mmoja tu. Alikuwa mjomba Sekivu.

Matanga yalikuwa yanaisha. Mashombo akaenda mbele ya Wambaga wote, mizigo ikiwa imefungwa tena, akapiga goti mbele ya mjomba wake akamwomba neno lile. Sekivu alicheka bila furaha. Akasema: "Nitakupa. Lakini na mimi nina maneno yangu, yamenikaa rohoni tangu nyikani. Utayarudisha yangu kwanza, moja moja, mbele ya watu hawa. Ukikosea, au ukipandisha sauti, tunaondoka."

Akaanza. "Wewe ni dume lililovunja zizi lililokuwa likililinda."

Mashombo akasema, "Umesema mimi ni dume lililovunja zizi lililokuwa likililinda. Ndivyo?"

"Ndivyo. Ulipotuambia tulale, tulilala. Siku hizi unataka tulale hata tukiwa tunakula. Umemlea kila mtu akawa mwoga, kisha unatushangaa kwamba hakuna shujaa wa kukuonya."

Mashombo akarudisha yote, kipande kwa kipande, na watu waliona mishipa ikisimama shingoni mwake, ile ile ya siku ya jiwe, na mikono yake ikishika udongo kwa kukosa jiwe la kubeba. Sekivu hakuwa na huruma. Alimsema baba yake, alimsema chakula anachokula, alimsema namna anavyotembea. Kuna aliyecheka na kuna aliyeanza kulia. Na mwisho mzee akasema: "Nilimpenda yule mtoto kuliko wewe. Mimi ndiye niliyemfundisha kutembea, na wewe umemfukuza kama mbwa, akaenda."

Mashombo akauachia udongo aliokuwa ameushika. Kisha akasema taratibu: "Umesema ulimpenda yule mtoto kuliko mimi. Wewe ndiye uliyemfundisha kutembea, na mimi nimemfukuza kama mbwa, akaenda. Ndivyo, mjomba?"

"Ndivyo," akasema Sekivu, akaketi juu ya mzigo wake. Ndipo akampa mwisho wa neno la Kirimbo.

Wakaitwa wote. Nakiete akasimama mbele. Na Mashombo, aliyeweza kusikika mlima mzima, akasema kwa sauti ya kawaida, ikabidi koo zote mbili zisogee karibu zichanganyike ili kumsikia: "Shemeji, mume wako alisema hivi. Kaka, nimebonyeza ukuta wa magharibi, na udongo bado unashika alama ya kidole. Mama alikuwa akisema udongo unaoshika kidole haujakubali maji. Tungoje, kaka, hata kama watu wamekwisha kuvaa za sherehe. Hayo aliniambia mimi. Na alipokuwa akishuka alisema: Nitausimamia mwenyewe, maana kaka yangu akishabeba kitu hana wa kumwambia atue. Ndivyo?"

Nakiete alikuwa akilia. Akasema, "Ndivyo anavyosema. Hiyo ni sauti yake." Na Wambaga, mmoja baada ya mwingine, wakatua mizigo. Sekivu alikuwa wa mwisho, akisema anatua kwa sababu ya mgongo tu, na kwamba ataondoka mgongo ukipona. Aliishi hapa mlimani mpaka akafa uzeeni, akilalamika.

Siku ile Mashombo akatamka sheria mnayoijua. "Neno langu linajibiwa. Na hakuna atakayejibu neno la mwenzake kabla hajalirudisha kwa mwenyewe, na mwenyewe akasema ndivyo. Na mkubwa atarudisha kwanza." Ndiva ikajengwa upya juu ya mawe yake, wakangoja udongo mpaka ukakataa kidole, wakaijaza, ikasimama. Katika zamu ya maji akajiwekea shamba lake liwe la mwisho, na kuna misimu maji hayakulifikia kabisa, akala magimbi ya kuomba kwa Nakiete. Hakuna aliyesikia tena ile ngurumo. Watoto waliozaliwa baadaye walikua wakidhani babu yao amezaliwa na sauti ndogo.

Nasi tangu hapo tunakesha vikaoni. Kabila jingine linaamua jambo kabla chungu hakijachemka. Sisi mahindi yanaiva, yanavunwa, bado mtu anasema sivyo, sikusema hivyo, rudia. Mkichoka na vikao, mlaumuni Mashombo. Yeye alichoka zaidi. Maana kila ugomvi wa maji, wa mke na mume, wa mbuzi aliyeingia shamba la mtu, uliletwa mlangoni pake, naye aliurudisha kwa kila upande, neno kwa neno, mwaka baada ya mwaka, akibeba maneno ya watu wote kama alivyobeba mawe, na mawe angalau huwa unayatua mahali yakakaa.

Namrasi akafa. Sekivu akafa. Nakiete akafa, na msiba huo ulimwinamisha mgongo. Wakabaki watu waliozaliwa ndani ya sheria, walioirudisha haraka haraka kama wimbo, umesema-hivi-ndivyo-ndivyo, huku macho yao yakiwa kwenye jambo jingine.

Siku moja, katika kikao cha zamu za maji hapo chini, wakati watu wakibishana kuhusu mlango wa maji wa mashariki, Mashombo aliinua mkono. Wakanyamaza kwa heshima. Akasema, "Nimechoka."

Mara watu wote wakasema kwa pamoja. "Lakini, baba, nani atagawa maji?" "Lakini msimu ndio unaanza!" "Baba, wewe ni mwamba, mwamba hauchoki!" Mmoja akasema mapenzi yake, mwingine akasema hofu yake, mwingine akasimulia habari ya jiwe, nyote mnawajua watu wa namna hiyo. Mzee akawatazama. Akageuza uso kwa huyu, akangoja. Akageuza kwa yule, akangoja. Alingoja mpaka kivuli kikavuka uwanja. Hakuna aliyelirudisha neno lake. Kisha wakarudi kwenye mlango wa mashariki, na walipokuwa wakibishana akainuka, akachukua mundu wake, akapanda kando ya mfereji.

Jioni ilipokaribia akafika Mwanaidha, binti wa Kirimbo, yule aliyekuwa tumboni siku ya mizigo, akitoka kukata majani ya ng'ombe. Akauliza, "Baba mkubwa yuko wapi?" Wakamwambia ametoka, alisema amechoka. Mwanaidha akatua mzigo wa majani. Akauliza, "Na nani amemrudishia?"

Wakakimbia, watu wazima wakikimbia kama wanaokimbia moto. Njiani walikuta mfereji umefyekwa, magugu yamelazwa ukingoni bado mabichi, kila mlango wa maji umesafishwa na kuwekwa sawa, hatua kwa hatua mpaka hapa tulipokaa. Walifika hapa chemchemi wakaona magugu ya mwisho. Mbele yao ulikuwa msitu. Waliita, wakaingia, wakatafuta mpaka wakachoka nao pia, hawakuona unyayo wala jani lililovunjika. Mwanaidha alirudi akasimama hapa, akaukabili msitu, akasema lile neno, kwa sauti ya kawaida. Na watu wakalisema nyuma yake wakilia, na wengine walikuwa hawajawahi kuelewa sheria yao mpaka siku ile.

Huyo ndiye Mashombo mwana wa Kibacha mwana wa Mrindoko, Kifua cha Mwamba, Mrudisha Neno, aliyetufanya tuwe watu. Habari yake imeishia kinywani mwangu kwa mwaka huu, nimeitua.

Sasa simameni. Najua miguu inauma, simameni hivyo hivyo. Geukeni mwelekee msitu. Asiwepo wa kusema lakini, asiwepo wa kulikimbiza neno. Semeni pamoja nami:

"Baba, umesema umechoka. Ndivyo?"

Tulieni. Mpeni nafasi ajibu.

Haya. Nawaneni mikono, mle.